Kabla hujaikata ile kamba

Jumamosi iliyopita mtu tuliyesoma naye sekondari alinitumia picha WhatsApp. Mtoto wa kiume amekaa chini ya mti, mguu mmoja umefungwa kamba, na kamba imefungwa kwenye shina. Chini ya picha kaandika: "Madam, huko kwenu bado kuna wazazi wa hivi?" Kaongezea na vikatuni vitatu vinavyolia machozi.

Nikaikuza picha kwa vidole viwili. Mti niliutambua kabla ya mtoto. Ni mparachichi wenye kovu la radi, na chini yake nimekaa mara nyingi kuliko nilivyokaa kwenye kochi langu mwenyewe. Mtoto naye ni wangu, kwa hesabu ya daftari la mahudhurio.

Sikumjibu. Jibu lake ni refu, ndiyo nimelileta hapa.

Kwa asiyenijua, mimi ni mwalimu wa kitengo. Kitengo cha elimu maalumu mara nyingi utakikuta pembeni mwa shule ya msingi ya kawaida, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa na kazi nyingine. Changu kilikuwa stoo ya majembe. Nilisomea Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu kule Tengeru, nikapangiwa huku milimani, wilaya ya Lushoto. Kwetu ni Kondoa, tumezoea kuona mbali. Siku ya kwanza basi lilipoanza kupanda kutoka Mombo, kona juu ya kona, bonde likiwa upande wa dirisha langu, nilisoma dua zote nilizofundishwa madrasa na nyingine nikazitunga. Wanafunzi wangu ni 14 kwenye daftari, 9 siku ya kawaida, na 3 mvua ikinyesha. Wasiofika ndio wengi, kwa hiyo mchana, vipindi vikiisha, nawafuata makwao.

Mtoto wa kwenye picha nitamwita Bwana Mdogo, kama babu yake anavyomwita. Ana miaka 9. Ana ulemavu wa akili, na ana kifafa. Kijijini wana majina yao, zezeta, taahira, punguani, na moja la Kisambaa ambalo sitaliandika. Tusiwalaumu wanakijiji peke yao. Kiswahili chenyewe kimewapa kilema, kiziwi na kipofu umbo moja na kiti na kikombe. Tunasema "kipofu amefika", sawa, upatanisho wa kisarufi umemrudisha kwa watu, lakini jina limebaki kabatini na vyombo.

Mama yake nilipomwuliza ilianzaje, alinijibu kwa neno moja: "Hakulia."

Neno hilo nimelisikia karibu kila nyumba ninayoingia. Uchungu ulishika jioni, njia mbaya, machela, kufika kituoni alfajiri, mtoto akatoka kimya. Akaja kulia jua limeshapanda. Mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, ubongo unaumia, na dakika hizo hazirudi. Wapo walioumizwa na manjano ya uchanga ambayo hakuna aliyeyaona mapema. Wapo wa malaria iliyopanda kichwani, ile ambayo huku bado inaitwa degedege na wengine wanaamini ni ndege mbaya amepita juu ya nyumba, kwa hiyo anatafutwa mganga kwanza, zahanati baadaye. Na wapo waliozaliwa na kromosomu moja ya ziada tu, hakuna aliyekosea popote. Lakini mama ukimpa sababu zote hizo bado atakuuliza alikula nini kibaya akiwa mjamzito. Mkwe wake ameshamwuliza.

Sasa kamba.

Mara ya kwanza kufika pale nilikuwa na hasira kama za huyu rafiki yangu. Nilikuwa nimeambiwa njiani, "Mwalimu, kule juu kuna mama anafunga mtoto kama mbuzi." Nikafika natetemeka, hotuba iko tayari mdomoni. Yule mama akanipa kigoda. Akaniambia, "Kaa kwanza, Mwalimu. Umepanda kilima."

Kisha akaifungua kamba mguuni mwa mtoto, akaishika ncha, akaanza kutembea nayo. Akaivuta kuelekea jikoni. Ikakaza hatua mbili kabla ya mafiga. Akarudi, akaivuta kuelekea ukingoni, kule shamba linakoporomokea kwenye korongo. Ikakaza mbali kabisa na ukingo. Akaivuta upande wa tatu, ikafika kwenye mkeka na kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Halafu akanionesha ile sehemu inayokaa mguuni. Alikuwa ameizungushia mkono wa sweta kuukuu, akaushona, ili isichubue. "Asubuhi namfunga mguu wa kulia," akasema, "mchana nikirudi kumlisha nahamishia wa kushoto."

Mimi nina cheti cha elimu maalumu. Hakuna aliyenifundisha kupima hatari kwa hatua namna ile.

Kamba ilikuja baada ya moto. Bwana Mdogo akiwa na miaka 5, mama yake alikwenda kisimani, akamwacha na dada yake wa miaka 8. Kifafa kikamshika karibu na mafiga. Yule binti angeweza kumvuta, lakini alikimbia, kwa sababu ameambiwa tangu mdogo kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa nawe unakipata. Ngozi ya kiwiko imeshikana hadi leo, mkono haunyooki wote. Kifafa hakiambukizi, si kwa povu, si kwa mate, si kwa kulala kitanda kimoja. Hofu hii ni ya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kule Mahenge, Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alianzisha kliniki ya kifafa, na aliandika juu ya watu kuwakimbia wagonjwa kwa kuogopa kuambukizwa. Miaka zaidi ya 60 imepita na dada mtu bado alikimbia. Sasa ana miaka 12 na hajasahau. Siku hizi ndiye anayemkata kucha, na hamruhusu mtu mwingine.

Mwaka mmoja baada ya mimi kumfahamu, lilikuja gari jeupe. Shirika silitaji. Walikuwa watu wanne, na wawili kati yao walikuwa na kamera. Wakapiga picha, wakamsomea mama Sheria ya Mtoto ya 2009 pale uani akiwa ameshika jembe, mmoja akatoa kisu akaikata kamba mbele ya majirani. Watu wakapiga makofi. Wakaacha sukari kilo 2 na sabuni ya mche, wakashuka.

Siku tatu mama hakwenda shamba. Siku ya nne akaenda naye. Mashamba ya huku si ya kutembea kwa kujitanua, ni matuta yaliyoning'inia, na lake la karoti ni mwendo wa saa nzima. Mtoto akiwa na miaka 3 unambeba mgongoni na dunia nzima inakuona mama mwema. Akifika miaka 7 mgongo unakataa. Walianguka wote wawili, akapoteza jino. Siku ya tano akaenda dukani kununua kamba nyingine, kwa mkopo. Ile ya zamani alikuwa amepewa na mume wake, ndefu, ya kufungia magunia. Hii aliinunua kwa mita, na mita alizoweza kulipia ni mbili. Kwa hiyo baada ya kukombolewa, Bwana Mdogo hakuifikia tena ndoo ya maji.

Hili ndilo ninalotaka rafiki yangu alielewe. Yule mama sheria anaijua kuliko mimi, ameshasomewa. Mapenzi anayo. Kinachomwishia ni mikono na saa. Mume yuko Dar, anauza mitumba, anatuma hela akipata, na asipopata anapiga simu kuomba radhi. Si mtu mbaya. Babu mtu macho yameingia ukungu. Watoto wengine wanakwenda shule, na ni vizuri waende. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, kati ya huyu mtoto na mafiga ipo kamba tu.

Kuna semina moja siisahau. Ilifanyika mjini, ukumbi mzuri, chai ya maziwa, vitumbua, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Mada ilikuwa malezi chanya, na somo la asubuhi lilikuwa madhara ya kuwafungia watoto ndani. Kutoka kata yetu tulipeleka akina mama sita na bibi mmoja. Mwezeshaji akasimama na kalamu yake ya wino mnene, akatuomba tutaje changamoto aziorodheshe. Yule bibi akanyoosha mkono. Anamlea mjukuu wa kike wa miaka 14, na bibi mwenyewe hana subira na watu.

"Mwanangu, nisaidie. Saa hizi nani amebaki na watoto wetu?"

Ukumbi ukanyamaza. Mwezeshaji akasema swali zuri, tutalirudia mchana. Mama mmoja jirani yangu akainamisha kichwa. Binti yake alikuwa amefungiwa ndani tangu saa kumi na moja alfajiri, ili mama apate kuja kufundishwa asimfungie ndani. Mchana swali halikurudiwa. Tulipewa posho, tukasaini.

Zamu ilizaliwa kwenye gari, Noah, tukirudi, tumebanana, bibi akiwa bado amekasirika. Akasema: wao wanagawana posho, sisi tugawane watoto. Siku mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, watoto wote wanakusanywa sehemu moja, akina mama wawili wanabaki nao, wengine watano wanakwenda shamba au gulioni. Wiki inayofuata wanabaki wawili wengine. Mzee mmoja akatuazima banda lililokuwa la kuhifadhia viazi. Lilinuka viazi vilivyooza hadi tukalipiga chokaa mara mbili.

Nisikudanganye kwamba ilikwenda vizuri. Wiki ya pili tuligombana juu ya uji: nani kaleta unga, nani kaleta sukari, mtoto wa nani anakunywa vikombe viwili. Mama mmoja aliondoka kwa sababu mwanawe alikuwa anang'ata wenzake na akachoka kuomba msamaha. Ilichukua miezi miwili kumrudisha, na aliyekwenda kumwita ni yule ambaye mtoto wake ana alama za meno begani. Masika njia inateleza, zamu inakufa wiki tatu nne, kila mtu anarudi kwenye kufuli na kamba yake. Kisha jua linatoka, tunaanza upya, na ugomvi wa uji nao unaanza upya.

Sharti moja tu halijawahi kuvunjwa. Wanabaki wawili, kamwe si mmoja, na hakuna mwanamume anayeachiwa watoto hata akiwa nani. Bibi ndiye aliyeliweka. Hakueleza sababu na hakuna aliyemwuliza. Wote tuna mabinti wasioweza kusimulia walichofanyiwa.

Kazi yangu kwenye zamu ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Sifundishi herufi pale. Nafundisha sweta.

Huku ni baridi, Juni na Julai ukungu unaingia hadi chumbani. Kumvalisha Bwana Mdogo sweta ilikuwa vita ya robo saa kila asubuhi, anakaza mikono, analia, mama anatoka jasho. Silika ya kila mtu ni kuanza mwanzo: shika sweta, ingiza kichwa. Mtoto anashindwa palepale mwanzoni, anakasirika, mama anamalizia mwenyewe. Patandi tulifundishwa kugeuza. Mama anakaa nyuma ya mtoto, si mbele, mikono yake juu ya mikono ya mtoto. Anamvalisha yote: kichwa, mkono wa kwanza, mkono wa pili. Anaacha kitu kimoja tu, kuishusha sweta kutoka kifuani hadi kiunoni. Hilo alifanye mtoto. Akilifanya, kazi imekwisha na aliyeimaliza ni yeye, na pale ndipo anapopigiwa makofi. Likishazoeleka unarudi nyuma hatua moja: unamwachia mkono wa pili. Halafu wa kwanza. Kichwa mwisho.

Kushusha sweta kulimchukua Bwana Mdogo wiki 11. Najua kwa sababu mama alikuwa anaweka punje ya harage kwenye kopo kila Ijumaa. Wiki ya 12 aliishusha, akasimama, akaangalia tumbo lake, halafu akaipandisha tena juu ili aishushe tena. Alifanya hivyo asubuhi nzima. Banda zima tulichelewa uji.

Mwingine ni msichana mdogo mwenye mtindio wa ubongo, aliyekuwa analishwa amelala chali mapajani, kila siku anapaliwa, kila mwezi kifua. Tulimketisha wima, kichwa kimeinama kidogo mbele, kijiko kinakuja kutoka chini. Fundi seremala wa kijijini alimtengenezea kiti cha kona, chenye mgongo unaomshikilia pande zote mbili, kwa mbao za mkaratusi, akakataa malipo, kisha akayakubali, kisha akayarudisha kama mchango wa unga. Kifua kimepungua.

Dawa ndipo ninapokasirika. Bwana Mdogo anatumia fenobabito, dawa ya kuzuia kifafa. Dawa hii ilianza kuuzwa mwaka 1912, ni ya bei ndogo, na bado zipo wiki ambazo mama anashuka kilima na kuambiwa imekwisha. Zamani vidonge vikibaki vichache alikuwa anavikata nusu ili vifike mwezi, na mimi pia ningefanya hivyo nisingeambiwa. Dawa ya kifafa ukiipunguza au kuiacha ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu, kimoja juu ya kingine bila mtoto kuzinduka. Sasa tunashuka vikiwa vimebaki vya wiki mbili, si vikiisha, na aliye zamu ya gulio anawachukulia wote. Kadi za watoto zinakaa kwenye mfuko mmoja wa plastiki kwa bibi.

Mengine yapo, nayapita haraka. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, inataka kamati ya watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji. Yetu niliikuta kwenye faili, ina wajumbe, mmoja wao alishafariki. Tukaomba nafasi yake apewe bibi, na amepewa, Mungu amsaidie mtendaji. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 ikarudi 2024, na akina mama waliniuliza: sisi tumo kwenye 4 au kwenye 2? Nikawaambia waingilie kwenye 4, huko hakuna wa kuwashangaa. Bado wanaweka hisa zao kwenye kikoba wakijadili. Irente, karibu na Lushoto mjini, ipo shule ya Rainbow ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kilutheri, KKKT, ya watoto kama hawa hasa, na nimekwenda kujifunza. Ila kutoka kwenye tuta letu ni pikipiki, kisha basi, kisha miguu. Mtoto wa kwenda na kurudi kila siku hayupo.

Nirudi kwenye picha. Kabla ya kuandika haya nilipanda kwa mama yake, nikamwonesha simu. Sikutaka aje kuiona kwa mtu mwingine. Akaitazama muda mrefu, akauliza kama anaonekana amenenepa, nikasema ndiyo.

"Hii ni Alhamisi," akasema.

"Umejuaje?"

"Kavaa kaptula ya bluu. Na Alhamisi hakuna zamu, Mwalimu, nilikuwa napalilia. Alhamisi hii pia nitamfunga, nakwambia kabisa usije ukasikia kwa watu."

Nikamwambia sawa. Kisha nikamwuliza kitu ambacho kilikuwa kinanisumbua tangu nilipoikuza ile picha, maana mtoto alikuwa amekaa kivulini, upande wa ndoo, na kamba iko chini imelegea.

"Umeibadilisha?"

"Nimeunga mita tatu," akasema. "Hela ya gulio la Ijumaa."